Loki ya Kiti cha Mbele

Simu ilipoita, Mzee Athanasi Komba alikuwa shambani kwake Matogoro, amechuchumaa kwenye tuta la vitunguu, anang'oa majani mabaya na kuyasema kama watu. Akatazama namba. Haijui. Na Mzee Athanasi hana adabu na namba asizozijua, maana mara ngapi ametumiwa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Siku moja alimtukana mtu wa namna hiyo robo saa nzima, hadi salio la mwenzake likaisha.

"Sema upesi," alisema, "na ujue kabisa kwamba sina hela."

"Shikamoo, mzee," ikajibu sauti ya binti, laini, imezoea kutukanwa. "Naitwa Dorine, napiga kutoka Dar es Salaam, kwa mawakala wa magari. Wewe ndiye Athanasi Komba?" Akataja na namba za gari, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa sahihi.

"Marahaba. Hilo gari sinalo, mwanangu. Nililiuza miaka mitatu iliyopita. Sasa hivi ninalo jembe."

"Kwenye usajili bado ni lako, mzee. Jina ni lako na simu ni yako." Binti akaeleza, bila kuvuta pumzi, kwamba kiwanda kimeyaita magari yote ya toleo lile. Loki ya mkanda wa kiti cha mbele, upande wa abiria, imeonekana ina kasoro. Gari likishtuka, inaweza kufyatuka yenyewe. Mafundi watakuwa Songea Alhamisi na Ijumaa, watafunga loki mpya, bure. "Gari lije na kadi yake, mzee, na mwenye jina kwenye kadi awepo mwenyewe asaini."

Bure! Kwa Mzee Athanasi neno hilo likitoka kwa mtu usiyemwona uso ni utapeli mtupu. Kidole kilishafika kwenye kitufe chekundu. Kikasimama hapo hapo.

"Umesema loki ya upande gani?"

"Wa abiria, mzee. Mbele."

Mzee Athanasi akakaa chini. Alikalia vitunguu vyake mwenyewe, na hakuviona.

Alikuwa anaijua loki ile. Usinielewe vibaya, hakuwa anajua mambo ya kiwanda. Alikuwa anajua kwamba marehemu mkewe, Leticia, kila walipopanda gari lile kwenda misa au hospitali, alikuwa akifunga mkanda, "ta!", kisha anaweka kiganja juu ya loki na kukiacha hapo hadi mwisho wa safari. "Kidude chako hiki, Athanasi, kina mashetani," alikuwa akisema huku anacheka. "Nikikiachia, na chenyewe kinaniachia." Walimpelekea fundi Otto. Otto akakipulizia mafuta, akakichomeka na kukichomoa mara tatu, akasema kimekaa sawa. Wiki haikuisha, kikaachia tena kwenye tuta la barabarani, na Leticia akarudisha kiganja chake. Leticia alikufa kwa presha, kitandani kwake, gari halihusiki. Lakini mwaka uliofuata mzee aliliuza gari kwa kijana mmoja mfanyabiashara, Ramson, na Ramson alilizunguka, akapiga teke matairi, akasikiliza injini kama daktari, kisha akauliza swali moja tu.

"Mzee wangu, kuna ubovu wowote niujue?"

Na Mzee Athanasi akajibu, "Gari la mzee hilo. Halina shida."

Basi. Aliogopa bei ingeshuka, hakuna sababu nyingine. Na huyu ndiye aliyekuwa bwana shamba wa serikali miaka thelathini, mkali wa mbegu feki, aliyewahi kumwaga barabarani magunia ya mbegu iliyooza huku mwenye duka akimwangukia miguuni. Huyu ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, anayewauliza wenzake kila wiki kama wametenda haki. Lo! Binadamu tuna vituko.

"Mzee? Bado upo?" Dorine aliuliza.

"Nipo, mwanangu. Nitalitafuta hilo gari."

Ramson alipopigiwa, alicheka. Alishaliuza zamani, kwa mama mmoja wa mchele na korosho anaitwa Stumai, mwenyeji wa Nakapanya, sasa anakaa Mjimwema. Na kadi? "Kadi nilimpa ilivyo, mzee, na mkataba wa mkono. Nani ana muda wa kwenda kubadilisha jina?" Ndivyo tunavyofanya wengi wetu. Gari linapita mikono mitatu, jina linabaki kwa wa kwanza.

Jumatano saa tisa mchana Mzee Athanasi akashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Stumai. Gari alilitambua kabla hajapiga hodi: la kijivu, limeegeshwa kivulini, na kovu lile lile kwenye mlango wa nyuma alipoligusisha kwenye nguzo ya parokia. Barazani palikuwa na magunia ya mchele, na mama wa makamo mwenye ushungi alikuwa anampimia mteja. Pembeni msichana wa miaka kama kumi na mitatu alikuwa anaufunika mchele ulioanikwa, maana wingu lilikuwa linakuja.

"Subira! Umefunika wote?"

"Nimefunika, mama."

"Kama ulivyofunga mkanda?"

Mteja akaangua kicheko, kile cha mtu anayeijua hadithi. Msichana hakucheka. Alilinyanyua turubai pembe moja, akamwonyesha mama yake mchele uliofunikwa, akalishusha. Alipogeuka, Mzee Athanasi akauona uso wake. Kovu lilianzia kwenye nyusi likapanda hadi kwenye nywele, na alipomwamkia, aliweka mkono mdomoni ili lisionekane pengo la meno mawili ya mbele.

Mzee akaitikia marahaba. Macho yalibaki kwenye kovu lile, na alikuwa hajaambiwa lolote.

Stumai alikuwa mkarimu. Alimletea kiti, akamletea chai ya rangi na korosho kwenye kisahani. Lakini mzee aliposema, "Mimi ndiye Athanasi Komba, mwenye jina kwenye kadi ya gari lako," sura ya mama ikafungwa kama duka siku ya msiba.

"Ahaa. Kumbe ndiye wewe, baba." Akakaa akamtazama vizuri. "Haya, nakusikiliza."

Mzee akaeleza habari ya Dorine, ya kiwanda, ya loki, ya mafundi. Kila alichoongeza kilizidi kunuka utapeli, hata yeye mwenyewe alikisikia. Eti uje na gari. Eti uje na kadi. Eti na mimi mwenye jina niwepo.

"Baba yangu," Stumai alisema kwa heshima zote, "una umri wa mzazi wangu, sitakuvunjia adabu. Lakini tusizungushane. Kuna mwenzangu pale sokoni alinunua pikipiki hivi hivi, kwa mkataba wa mkono. Mwenye jina akaja siku moja na maneno matamu, akaondoka nayo, na mpaka leo mwenzangu anatembea kwa miguu. Chai kunywa, korosho kula, hata mchele nitakufungia. Kadi huipati."

"Mama Subira, mimi sitaki gari."

"Na wa pikipiki naye alisema haitaki."

Mzee akaweka kikombe chini. "Hiyo loki... haijawahi kufyatuka?"

Hapo Stumai akacheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu. Akasimulia. Ilikuwa mwaka juzi, wanakwenda Nakapanya kwa bibi, sikukuu ya Idi, wamevaa vizuri, wana furaha. Walipoipita Namtumbo mbuzi akakatiza. Stumai akakanyaga breki. Mwendo wenyewe haukuwa mkubwa, wallahi, na yeye mkanda ulimshika vizuri tu. Subira akaruka kutoka kitini, uso kwenye dashibodi, kichwa kwenye kioo.

"Na tangu tunatoka hapa nilimwambia, funga mkanda. Nimefunga, mama. Hospitali namuuliza, ulifunga? Nilifunga. Sasa mkanda uliofungwa unamwachiaje mtu? Mimi damu niliivumilia, baba. Uongo ndio ulinikera. Mtoto meno hana, uso umeshonwa, bado anadanganya! Mpaka leo ukoo mzima wakitaka kusema jambo la uongo wanasema, huo ni mkanda wa Subira."

"Nilifunga," ikasema sauti kutoka mlangoni.

"Unamsikia?" Stumai alisema.

Hapo sasa. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, limekaa juu ya ulimi, lilikuwa linataka kusukumwa tu. Na Mzee Athanasi Komba, mwagaji wa mbegu mbovu za wenzake, alifanya nini? Alimalizia chai. Akasema chai ni nzuri. Akasema atapita siku nyingine. Ungekuwa karibu ungemzaba kibao, na uzee wake usingekuzuia.

Stumai akamwambia Subira amsindikize mgeni hadi barabarani, maana ugomvi wa kadi hauondoi desturi. Walipofika kwenye lami, msichana akauliza, mkono mdomoni.

"Babu, hao watu wa Dar walisema kweli inafyatuka yenyewe?"

"Walisema inaweza kufyatuka."

"Kuna mtu yeyote wanayemjua ilimfyatukia?"

Mzee akatazama upande bodaboda zinakotokea.

"Sijui, mjukuu wangu."

"Haya, babu. Ahsante. Ufike salama."

Usiku wake tuuache, hauna simulizi. Mtu kujigeuzageuza kitandani ni jambo ambalo kila mmoja wetu analifahamu. Aliwaza kwenda kuungama kwa padre, na padre angemwondolea, ndiyo kazi yake. Lakini aliyepasuka uso si padre. Akawaza pia kumpigia Stumai simu, akaona aibu hata kuwaza hivyo. Jua lilipochomoza alikuwa tayari amevaa koti, anatafuta bodaboda.

Saa moja asubuhi aliwakuta wote wawili barazani. Stumai alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo. Subira alikuwa amevaa sare za shule, anafunga kamba za viatu. Stumai alipomwona mzee akaanza, "Baba, nilishakwambia..."

"Sikai," Mzee Athanasi alisema. "Nina neno moja. Ukishalisikia, nifukuze. Hiyo loki nilijua ni mbovu."

Ungo ukasimama hewani.

"Nilijua tangu gari likiwa langu. Marehemu mke wangu alikuwa anaishika kwa mkono njia nzima kwa sababu ilikuwa inafyatuka. Nikaona kwa macho yangu, si mara moja. Siku ya kuuza nikaulizwa kama kuna ubovu, nikasema hakuna. Na jana mtoto huyu ameniuliza barabarani kama kuna mtu ilimfyatukia, nikamwambia sijui. Nilikuwa namjua. Nililala naye kitanda kimoja miaka arobaini."

"Ulijua," Stumai alisema.

"Nilijua."

"Ukauza."

"Nikauza."

Ungo ukaruka. Mchele ukatawanyika baraza zima, na kuku wa jirani ambao hawana aibu wakaja mbio. "Mtoto wangu!" Stumai alipiga kelele. "Mtoto wangu, mzee mzima wewe! Unajua nilimfanya nini? Nilimpiga! Ana bandeji kichwani, na nilimpiga palepale kitandani hospitali, manesi wananishika, kwa sababu ya uongo! Uongo wa nani? Wako!"

Mzee hakujitetea. Angejitetea na nini?

Stumai akaingia ndani, akatoka na ufunguo. "Sikuamini," alisema. "Jana ulikuja na hadithi, leo umekuja na nyingine. Panda. Nionyeshe."

Mzee Athanasi akapanda kiti cha mbele, upande alioukalia Leticia. Akavuta mkanda, akauchomeka. Ta! Akajitupa mbele kwa nguvu zake za uzeeni. Mkanda ukamshika barabara. Akajaribu tena, na tena ukamshika, ukamwumiza hadi bega. Stumai akakunja mikono. Kwenye macho yake pikipiki ya yule mwenzake wa sokoni ilikuwa inarudi.

"Hivyo haifyatuki," Subira alisema.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Mpaka kitu kiwe mapajani, kiigandamize kwa ubavu. Siku ile nilikuwa nimepakata kapu la bibi." Akavua begi lake la shule, akaja akalilaza kwenye mapaja ya mzee, akalisogeza likagusa loki. "Halafu si kila mara. Mara ya nne, ya tano hivi."

"Wewe umejuaje?" mama yake akauliza, sauti imekwisha.

"Huwa naijaribu ukienda sokoni. Ufunguo nilikuwa najua unapouweka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nimebonyeza."

Ndivyo angesema, na wote watatu walijua.

Mzee akajitupa mbele. Moja. Mbili. Tatu. Jasho likamtoka. Mara ya nne loki ikasema "ta" ndogo, kama mtu anayesonya kwa siri, na mkanda ukampita kifuani taratibu, ukarudi wenyewe kwenye nguzo ya mlango. Mzee akabaki ameinamia dashibodi, paji la uso likiwa karibu kuigusa. Kwa mbali kengele ya shule ikalia, na Subira hakusogea.

Stumai akaingia ndani tena. Safari hii alitoka na mfuko wa plastiki, ndani yake kadi na mkataba wa mkono uliokunjwa mara nne. Akaunyoosha mkono kupitia dirishani. "Shika," alisema. "Tutakwenda kwa hao mafundi. Baada ya hapo tutakwenda kubadilisha jina, leo hii hii."

"Leo hii," mzee akaitikia.

Akataka kushuka. Subira akauzuia mlango kwa kiganja.

"Babu, sema tena."

"Niseme nini, mjukuu wangu?"

"Ulivyosema pale barazani. Mwambie bibi. Mama, mpigie bibi."

Mama yake akapiga Nakapanya, akaongeza sauti ya simu. Bibi akapokea akiwa anafukuza mbuzi, akataka kujua mara moja nani amekufa. Mzee Athanasi akamwamkia, akajitaja jina, na akasema yote tangu mwanzo: kiganja cha Leticia, swali la Ramson, jibu lake. Kusema mara ya pili hakukuwa rahisi kuliko mara ya kwanza. Kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu sasa aliyajua maneno yanakokwenda.

Upande wa pili mbuzi wakaachwa wajiendee.

"Subhanallah," bibi alisema. "Na huo mkanda wa Subira tuliuimba hadi harusini. Mpeni simu mtoto. Mjukuu wangu, ulikuwa unasema kweli?"

"Ndiyo, bibi."

"Nisamehe, mama. Mimi mtu mzima nilikucheka."

"Haya, bibi. Shikamoo."

Akairudisha simu. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliye na orodha ndefu kichwani na asiyetaka kuruka jina hata moja. Akamtaja mjomba wake, Abasi, wa Tunduru. Akapigiwa. Mzee akasema tena, na Abasi akatukana, na mzee akapokea matusi yake yote akisema "ndiyo, baba, ni haki yako." Shuleni nako, Subira alisema, babu ataingia darasani mwenyewe. Mzee akaitikia.

"Nani mwingine?" mzee akauliza.

"Mama."

"Mama yako yupo hapa, mwanangu," Stumai alisema haraka. "Nimesikia yote. Mara tatu nimesikia."

"Umemsikia babu," Subira alisema. "Mimi hujanisikia."

Akaondoka kwenye mlango wa gari, akaja akasimama mbele ya mama yake, na ule mkono uliozoea kukaa mdomoni akaushusha. Pengo likaonekana lote.

"Mama. Nilifunga."

"Ulifunga," Stumai akasema. "Ulifunga, mwanangu. Ulifunga, na mimi nikakupiga." Akaketi chini palepale juu ya mchele uliomwagika, akamvuta mtoto na sare zake, akalia kwa sauti kubwa hata majirani wakatoka kuuliza msiba ni wa nani. Subira naye, ambaye hakuwa amelia tangu asubuhi, na kwa kweli hakuwa amelia tangu mwaka juzi, akaweka kichwa begani kwa mama yake akaanza.

Mzee Athanasi alikuwa bado ndani ya gari, begi la shule mapajani, kadi mkononi. Hakuna aliyemwambia ashuke wala akae.